Kumbukumbu si Hifadhi: Mwanafunzi wa Kiswahili na Nafasi katika Simu ya Android

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo baina ya kumbukumbu na hifadhi katika simu zinazotumia mfumo wa Android, na kueleza namna ya kuzisimamia zote mbili. Hoja kuu ni kwamba dhana hizi mbili zinapoitwa kwa jina moja, yaani "memori", mtumiaji hushindwa kutambua ugonjwa wa simu yake, na dawa anayoikimbilia aghalabu ni kufuta. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ambaye simu yake ndiyo kinasa sauti chake, dawa hiyo inaweza kumgharimu data ambayo haiwezi kukusanywa tena.

1.0 Utangulizi

Mtaa wa Kahawa Sukari, ulioko katika eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, hauko mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kando ya barabara kuu ya Thika, kuanzia Githurai hadi Ruiru mjini, vibanda vya mafundi wa simu ni vingi, na malalamiko yanayofikishwa huko ni yale yale: "Simu imejaa memori", "Simu inakwama", "Simu inakataa kupiga picha". Majibu nayo ni yale yale: futa picha, nunua kadi, au irejeshe simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Ni nadra kwa fundi au mteja kuuliza kwanza ni memori ipi iliyojaa.

Swali hilo ndilo linalotushughulisha hapa, na lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa Kiswahili. Wahadhiri wetu walipokuwa wanafunzi walikwenda nyanjani wakiwa na kinasa sauti, betri na kaseti tupu. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na pande mbili za dakika 30. Ilipojaa, mtafiti aliitoa, akaandika ubavuni jina la fanani, mahali na tarehe, kisha akatia nyingine. Hakuna aliyelazimika kufuta utendi ili apate nafasi ya kupokea picha za harusi ya binamu yake. Leo utendi, picha za harusi, vitabu vya kozi na rasimu ya tasnifu vimo ndani ya chombo kimoja na vinagombea nafasi moja. Chombo hicho kinapolalamika kuwa kimejaa, mwenyewe hufuta kwa haraka, tena mara nyingi akiwa amesimama katika foleni ya matatu.

Makala haya yanaanza na istilahi, kwa sababu ndiko kosa linakoanzia. Baadaye yanaeleza utendakazi wa kumbukumbu na wa hifadhi, yanapiga hesabu ya nafasi inayohitajiwa na rekodi za sauti, na hatimaye yanapendekeza utaratibu ambao mwanafunzi anaweza kuufuata.

2.0 Neno Moja, Dhana Mbili

Lugha yetu yenyewe inachangia mkanganyiko huu. Kitenzi "kuhifadhi", chenye asili ya Kiarabu, kina maana mbili. Mwanafunzi wa madrasa anayehifadhi Kurani huiweka moyoni, akawa anaweza kuisoma bila kutazama msahafu. Mkulima anayehifadhi mahindi huyaweka ghalani, akaenda zake. Maana ya kwanza ni ya akili, ya pili ni ya mahali. Nomino "kumbukumbu" nayo ina sura mbili: ni uwezo wa kukumbuka, na pia ni kile kilichowekwa ili kikumbukwe, kama tunavyosema kumbukumbu za mkutano. Mtu anayesema simu yake imejaa kumbukumbu hajaikosea sarufi ya Kiswahili, lakini hajatufahamisha lolote.

Katika tarakilishi, na simu ya kisasa ni tarakilishi ndogo, dhana hizi ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo kwa kifupi huitwa RAM. Humo ndimo programu huishi wakati zinapotumika. Chombo kikizimwa, vyote vilivyomo hutoweka. Cha pili ni hifadhi, yaani mahali ambapo faili hukaa hata simu ikizimwa mwezi mzima.

Mfano ulio karibu nasi unaweza kusaidia. Wagikuyu, ambao ni wenyeji wa Kiambu, wana utanzu wa gicaandi, ushairi wa mafumbo na majibizano ambao Kimani Njogu aliuchunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2004. Manju wa gicaandi alishika kibuyu kilichochongwa alama, na alama hizo zilimsaidia kuukumbuka ushairi wake. Kibuyu kikitundikwa ukutani, alama hubaki zilipo, lakini hakuna utendaji. Ushairi huwa hai pale tu manju anapozitazama alama na kuyaleta mawazo akilini mwake, mbele ya mshindani na hadhira. Kibuyu ni mithili ya hifadhi; akili ya manju wakati wa utendaji ni mithili ya kumbukumbu. Manju akichoka, huwezi kumsaidia kwa kukwangua alama za kibuyu.

Kukwangua alama za kibuyu ndiko hasa tunakofanya tunapofuta rekodi ili simu "iende mbio".

Inafaa kutaja kwamba toleo la Kiswahili la Android limefanya uamuzi mzuri wa kiistilahi. Katika Mipangilio, neno "Hifadhi" hutumiwa kwa mahali pa kuweka faili, na "Kumbukumbu" kwa RAM. Makala haya yanafuata matumizi hayo, na tunapendekeza wanafunzi na wahadhiri wayafuate pia hata katika mazungumzo ya kawaida.

3.0 Kumbukumbu: Meza ya Kazi

Tuchukue mfano wa maktaba. Rafu ni hifadhi, na meza ya msomaji ni kumbukumbu. Kitabu hakisomwi kikiwa rafuni; sharti kiletwe mezani. Meza ikiwa ndogo, msomaji hulazimika kurudisha kitabu kimoja kabla ya kuleta kingine, na kazi huenda polepole. Kupunguza vitabu rafuni hakuiongezi meza upana.

Android ina mhudumu wake wa meza. Mtumiaji anapotoka katika programu moja na kuingia nyingine, ile ya kwanza haiondolewi mara moja. Huachwa mezani kwa matarajio kwamba itahitajika tena, kwa sababu kuiamsha iliyopo ni rahisi kuliko kuileta upya kutoka rafuni. Nafasi inapopungua, mfumo wenyewe huchagua programu ambazo hazijatumika kwa muda na kuzifunga. Ndiyo maana ukurasa uliokuwa ukiusoma katika kivinjari hujipakia upya baada ya kutazama video: ulikuwa umeondolewa mezani.

Kutokana na maelezo haya, mazoea mawili yanapaswa kuachwa. La kwanza ni lile la kufagia programu zote kila baada ya dakika chache. Programu iliyofagiwa itabidi ianze upya, na kuanza upya hutumia betri na muda zaidi. Kufagia kunafaa pale tu programu moja inapokwama. La pili ni kusakinisha programu zinazodai kuongeza kasi kwa kusafisha RAM. Programu kama hiyo nayo hukaa mezani na kuchukua nafasi ile ile inayodai kuiokoa.

Lipo pia jambo la matangazo ya madukani. Siku hizi simu nyingi huuzwa kwa maelezo kama "GB 8 (4+4)". Maana yake ni kwamba simu ina gigabaiti 4 za kumbukumbu halisi, na imetenga gigabaiti 4 za hifadhi zitumike kama kumbukumbu ya ziada. Si uongo, lakini si gigabaiti 8 halisi pia. Hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na nafasi iliyotengwa hupunguzwa katika rafu za mtumiaji. Tecno huuita ujanja huu MemFusion, na Samsung huuita RAM Plus. Mwanafunzi anayetaka kununua simu na aulize tarakimu ya kwanza, si jumla.

Je, tabia ya kutibu kila kitu kwa kadi ilitoka wapi? Historia inatupa jibu. Mapema mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza nchini simu ya Huawei IDEOS kwa takribani shilingi 8,000, na Wakenya wengi waliijua Android kwa mara ya kwanza kupitia simu hiyo. Ilikuwa na megabaiti 256 za RAM na megabaiti 512 za hifadhi ya ndani, ambazo sehemu kubwa ilimezwa na mfumo wenyewe. Ilitumia Android 2.2, toleo la mwaka 2010 ambalo ndilo la kwanza kuruhusu programu kuhamishiwa kwenye kadi. Kwa simu ya aina hiyo, ushauri wa kutia kadi ulikuwa sahihi, kwa sababu bila kadi hapakuwa na mahali pa kuweka kitu. Ushauri huo uliendelea kutolewa hata simu zilipobadilika. Mwaka 2017 Google ilitoa Android Go, toleo jepesi lililokusudiwa simu zenye gigabaiti 1 ya RAM au pungufu, kwa kutambua kwamba tatizo la simu za bei nafuu halikuwa hifadhi peke yake.

4.0 Hifadhi: Ghala na Vilivyomo

Hifadhi ya simu hugawanywa na wapangaji watano: mfumo wenyewe, programu, data ya programu hizo, akiba, na faili za mtumiaji. Tuwaangalie mmoja mmoja.

Mfumo ndio wa kwanza kuingia na hauhamishiki. Katika simu za sasa huchukua gigabaiti kumi na ushei, kwa hiyo simu iliyoandikwa GB 32 haimpi mwenyewe gigabaiti 32. Programu ni za pili, na hukua kila zinaposasishwa.

Data ya programu ni vitu ambavyo programu imejiwekea ili ifanye kazi: mazungumzo, akaunti, mipangilio, na wakati mwingine faili ulizoziunda wewe mwenyewe. Akiba ni vitu vya muda, kama vile picha za kurasa ulizozitembelea, ambavyo programu huviweka ili isivipakue tena. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya simu huoza. Inaweza kuondolewa bila hasara, na programu itajitengenezea nyingine inapohitajika.

Hapa pana hatari. Katika ukurasa wa kila programu, maelekezo mawili hukaa pamoja: kufuta akiba, na kufuta data. La kwanza halina madhara. La pili huirejesha programu katika hali ya siku iliyosakinishwa. Mtu anayefuta data ya kinasa sauti kwa kudhani anasafisha takataka anaweza kuondoa kila rekodi iliyowekwa ndani ya programu hiyo. Hali ni hiyo hiyo akiiondoa programu yenyewe. Baadhi ya programu za kunasa sauti huweka faili katika folda yao ya ndani, na Android huifuta folda hiyo programu inapoondolewa. Kabla ya kwenda nyanjani, mtafiti sharti ajue rekodi zake zinakwenda folda gani.

Mpangaji wa tano ni faili za mtumiaji, na humu WhatsApp ndiyo mgeni anayekula zaidi ya mwenyeji. Kundi la darasa, la kanisa, la chama na la ukoo huleta picha na video ambazo hupakuliwa zenyewe iwapo mtumiaji hajazuia. Aidha, kile unachokituma hubaki na nakala katika folda ya vilivyotumwa, kwa hiyo picha moja iliyopigwa na kutumwa hukaa katika simu mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Tangu mwisho wa mwaka 2020, WhatsApp ina ukurasa wa kusimamia hifadhi unaopanga mazungumzo kwa ukubwa na kuonyesha faili zilizosambazwa mara nyingi. Mtu anayeanza usafi na aanzie hapo, wala si katika folda ya rekodi zake.

Ni haki kukiri kwamba hifadhi iliyojaa pomoni nayo huipunguza simu kasi. Chembe za hifadhi haziandikwi juu ya maandishi ya zamani moja kwa moja; lazima sehemu isafishwe kwanza ndipo iandikwe upya. Nafasi tupu inapokuwa finyu, kazi hiyo ya kusafisha huongezeka. Basi si kweli kwamba kufuta hakusaidii kamwe. Kunasaidia pale hifadhi inapokaribia kwisha. Kuacha wazi angalau sehemu moja kwa kumi ya hifadhi ni kipimo kizuri. Lakini ikiwa hifadhi yako ina nafasi nusu na simu bado inakwama, tatizo liko mezani, si rafuni, na hakuna rekodi utakayoifuta itakayolitatua.

5.0 Hesabu ya Sauti

Mwanafunzi wa fasihi anaweza kuikwepa hesabu, lakini hii ni fupi na ina faida. Herufi moja ya Kiswahili ni baiti moja. Ukurasa wenye herufi 3,000 ni kama kilobaiti 3. Tasnifu ya kurasa 150, bila picha, ni kama kilobaiti 450, yaani haifiki hata nusu ya megabaiti. Maandishi hayajawahi kumjazia mtu simu.

Sauti ni jambo jingine. Rekodi isiyominywa, ya aina ya WAV, kwa kiwango cha kawaida cha sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, huchukua megabaiti 5.3 kwa dakika ikiwa ni ya mkondo mmoja, na megabaiti 10.6 ikiwa ni ya mikondo miwili. Saa moja ya mkondo mmoja ni takribani megabaiti 318. Nafasi hiyo ingetosha zaidi ya kurasa laki moja za maandishi. Rekodi iliyominywa ya MP3 kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti 58 kwa saa. Video ni kubwa zaidi: kwa kiwango cha megabiti 17 kwa sekunde, saa moja hupita gigabaiti 7.

Tuseme mtafiti anakusudia kunasa saa 20 za ngano na nyimbo. Kwa WAV ya mkondo mmoja atahitaji gigabaiti 6.4, kwa MP3 atahitaji gigabaiti 1.2, kwa video atahitaji zaidi ya gigabaiti 150. Hesabu hii inampa uamuzi kabla ya safari. Ikiwa anachunguza maudhui ya ngano, MP3 inatosha. Ikiwa anachunguza toni, mahadhi au ala, atumie WAV, kwa maana kilichominywa kikapotea hakirudi. Ikiwa ishara za mwili za fanani ndizo kiini cha utafiti, hana budi kunasa video, na ajue mapema kwamba simu peke yake haitamtosha.

Kurekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp hakufai kwa utafiti. Ujumbe huo huminywa mno ili upite upesi katika mtandao, nao huzama miongoni mwa mamia ya jumbe nyingine.

6.0 Kadi, Flashi na Wingu

Kadi ya nje ni nyongeza ya rafu, si ya meza. Hilo likieleweka, kadi ni chombo chenye manufaa. Hata hivyo, mambo mawili yanahitaji hadhari.

Kwanza, tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu humpa mtumiaji hiari ya kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Kadi iliyofanywa hivyo husimbwa kwa ufunguo uliomo katika simu hiyo moja. Ukiitia katika simu nyingine au tarakilishi, haisomeki. Simu ikiibwa, ikivunjika au ikirejeshwa katika hali ya kiwandani, ufunguo umekwenda, na data imekwenda nao. Mtafiti achague kadi iwe hifadhi ya kuhamishika.

Pili, sokoni zipo kadi bandia. Kadi ya gigabaiti 8 hurekebishwa ijitangaze kuwa ya gigabaiti 128 au zaidi. Simu huiamini na kuendelea kuandika, lakini kinachopita kiwango halisi hupotea au huharibu kilichotangulia. Majina ya faili huonekana, faili zenyewe hazifunguki. Njia ya kuijaribu kadi mpya ni kuijaza faili hadi pomoni, kisha kuzifungua za mwanzo, za kati na za mwisho. Ni kazi ya jioni moja, na ni bora ifanywe nyumbani kuliko matokeo yake kujulikana baada ya safari ya Lamu.

Wingu, yaani hifadhi ya mbali kupitia intaneti, lina masharti yake. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo kwa kila akaunti ya kibinafsi, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zinazowekwa Google Photos huhesabiwa ndani ya kiasi hicho. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba akaunti ya kibinafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Akaunti za vyuo nazo si za milele. Google iliviwekea vyuo kikomo cha pamoja cha terabaiti 100 badala ya nafasi isiyo na mwisho iliyokuwepo awali, na mwanafunzi akihitimu hana hakika ya kuendelea kuwa na akaunti. Tasnifu iliyomo katika barua pepe ya chuo tu ni kama mzigo uliowekwa katika nyumba ya kupanga.

Vilevile, sauti ya fanani ni mali yake kabla haijawa data yetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Fanani aelezwe kwamba sauti yake itanakiliwa, mahali itakapowekwa, na ni nani atakayeisikiliza.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na hayo yote, tunapendekeza hatua zifuatazo.

(a) Tambua ugonjwa kabla ya dawa. Fungua Mipangilio, kisha Hifadhi, na utazame nafasi iliyobaki. Ikiwa ni tele na simu inakwama, funga au ondoa programu nzito usizozitumia, na uzime simu na kuiwasha upya. Ikiwa ni finyu, endelea na hatua ya (b).

(b) Futa kwa mpangilio: akiba kwanza, kisha video na picha zilizosambazwa katika WhatsApp, kisha faili zilizopakuliwa zaidi ya mara moja, kisha programu zisizotumika. Rekodi za utafiti hazimo katika orodha hii. Zuia pia WhatsApp kupakua picha na video yenyewe.

(c) Kabla ya kufuta chochote cha thamani, hakikisha kwamba nakala yake inafunguka mahali pengine. Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya inaweza kupatikana katika pipa la takataka: programu ya Files ya Google huiweka kwa siku 30. Baada ya hapo usitegemee fundi. Simu zilizotoka na Android 10 ya mwaka 2019 au matoleo ya baadaye husimba data iliyomo, na kufufua kilichofutwa katika hifadhi ya ndani huwa karibu muhali.

(d) Siku ile ile ya kurekodi, usiku usipite bila nakala ya pili. Kanuni inayofuatwa na watunza nyaraka ni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Kwa mwanafunzi, hizo zaweza kuwa simu, flashi iliyo chumbani, na wingu. Pasipo intaneti ya kutosha, flashi ya pili inayotunzwa na mwenzako wa darasa inatosha.

(e) Ziite faili majina yanayoeleweka: mwaka, mwezi, siku, mahali, utanzu na namba. Jina kama "2025-04-12-Ruiru-vitendawili-03" litaeleweka baada ya miaka kumi. "Sauti 047" haitaeleweka hata baada ya wiki mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo daftari la orodha ya rekodi nalo liwe na nakala.

(f) Simu isipelekwe kwa fundi ikiwa na nakala pekee ya chochote. Kurejesha simu katika hali ya kiwandani ni tiba ya kweli ya baadhi ya maradhi, na huondoa kila kilichomo.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kumbukumbu ni meza na hifadhi ni rafu, na kwamba kuchanganya majina yake kunazaa tiba potofu. Istilahi katika jambo hili zina kazi. Mwanafunzi anayesema "hifadhi imejaa" tayari amejua aangalie wapi. Anayesema "memori imejaa" bado hajaanza.

Wanafunzi wa fasihi wana sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Tunazo tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya katika karne ile ile ya 19, W. E. Taylor akashirikiana naye kuziandika, miswada ikatunzwa, William Hichens akazichapisha mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akazirejelea na kuzifafanua mwaka 1979. Kila mmoja wao alipokea na kuacha nakala. Laiti mmoja katika mnyororo huo angalibakia na nakala moja tu, kisha ikampotea, leo tungekuwa tunalijua jina la Muyaka bila kuzijua tungo zake.

Bibi anayetamba ngano leo katika kijiji cha Ruiru, Kilifi au Pate, na ambaye mjukuu wake anamrekodi kwa simu ya Android, yuko mwanzoni mwa mnyororo kama huo. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vinaweza kuusaidia uendelee kwa jambo dogo: kila chama kiwe na diski moja ya nje na daftari moja, na kila mwanafunzi anayerudi kutoka nyanjani aache humo nakala ya rekodi zake kwa idhini ya fanani wake. Diski ya terabaiti 1 inatosha zaidi ya saa 3,000 za WAV ya mkondo mmoja. Nafasi hiyo ingewatosha watafiti 150, kila mmoja akiwa na saa zake 20.